Maji ya Nanaa Dirishani

Zuena alikuwa akimwogopa mbu kuliko mwizi. Mwizi unampigia kelele, watu wanatoka na marungu. Mbu utampigia kelele nani? Na hofu yake haikuwa ya bure. Mtoto wake wa kwanza, Suhaib, malaria ilimchukua kabla hajafikisha mwaka na nusu, na tangu hapo Zuena hakupata tena usingizi wa kujiachia. Alipojaliwa Raudha alisema moyoni: huyu mbu hamli.

Basi pale kwao Mbagala, jua likianza kulegea tu, madirisha ya Zuena yanafungwa hata kama joto linatokota ubongo. Chandarua kinachomekwa chini ya godoro pande zote nne, kisha anazunguka kukagua kona kwa kona. Mapipa ya maji uani yana vifuniko, na juu ya kila kifuniko kuna tofali. Mumewe Mfaume, fundi wa makochi, alikuwa anamtania.

"Mama Raudha, mie naona ipo siku nitarudi kutoka kazini unifunike na mie, tofali kichwani."

"Nikufunike, wewe una damu gani ya kunyonywa," Zuena anamjibu, na ukaguzi unaendelea.

Nanaa iliingia ndani ya nyumba hiyo kwa mlango wa hofu hiyohiyo. Shangazi yake Zuena wa Temeke alikuja kumwona mwezi wa Shaabani, mkononi ana fungu bichi la nanaa lililofungwa kwa ukambaa, sebule nzima ikanukia.

"Usiimalizie kwenye chai hii," shangazi akasema. "Ipande, uiweke dirishani anakolala mtoto. Mbu akisikia harufu yake anapita kushoto. Na maji yake hayamwagwi, mwanangu. Yale yameshakunywa harufu. Yakipungua unajazia tu."

Zuena hakungoja kesho. Alichukua chupa tupu za maji ya kunywa, akazikata shingo kwa kisu cha moto. Akakata vikonyo vya nanaa chini kidogo ya kifundo, akanyofoa majani ya chini, akavitumbukiza vitatu vitatu na kuzipanga chupa kwenye ukingo wa dirisha la Raudha. Kwenye simu aliwahi kuona dada mmoja akisema ukisaga kidonge cha asprini ukatia kwenye maji, mizizi inatoka upesi. Akanunua karatasi moja ya asprini, akatia chembe kidogo kila chupa, karatasi akaiacha palepale dirishani, nyuma ya chupa ya mwisho. Juma halikuisha, mizizi myeupe ikatoka kama nyuzi za kushonea.

Mtaa mzima uliipenda nanaa ile. Aliyekuja kuazima kinu aliondoka na chupa, aliyeleta sahani ya futari aliondoka na chupa. Mwezi wa Ramadhani ulipokwisha, Zuena alikuwa ameshagawa chupa tisa, na kila aliyepewa alipewa na somo lake: weka dirishani kwa watoto, maji usimwage, jazia. Jirani wa mlango wa pili, Felicitas, mama wa Kihaya mwenye mtoto mmoja wa kiume aitwaye Revelian, ndiye aliyekuwa na maneno kuliko wote.

"Mama Raudha, umekuwa bibi shamba wa madirishani," alisema akiipokea yake. "Sie kwetu tunapanda migomba ekari nzima, wewe unalima kwenye chupa."

"Migomba yenu inafukuza mbu?"

"Inafukuza njaa."

"Basi chukua hii ifukuze mbu, mtoto alale. Na asprini ukiwa nayo ni nzuri. Mie inanisaidia kwenye nanaa, na kichwa kikiniuma inanisaidia na mie. Hata mtoto akichemka unamsagia nusu."

Maneno hayo aliyasema kwa wepesi, kama mtu anayeelekeza duka la chumvi. Baadaye aliyakumbuka neno kwa neno.

Raudha alikuwa na miaka sita, darasa la kwanza. Akirudi shule saa saba anakula, kisha anakaa kwenye kitanda chake kando ya lile dirisha anachora. Siku moja aliita.

"Mama, njoo uone. Nanaa ina vidudu vinacheza."

Zuena akaja. Ndani ya chupa, katikati ya mizizi, palikuwa na vidudu vyembamba vyeusivyeusi vinajikunja na kujikunjua, vinapanda juu kupumua, vinashuka. Ukigonga chupa vyote vinakimbilia chini.

"Wadudu wa maji tu hao. Usitie mkono, utachafua mizizi."

Hakuviogopa hata kidogo. Kwa akili yake mbu anazaliwa mtaroni, kwenye maji ya kijani yanayonuka. Maji haya yalikuwa meupe, yananukia, na ndiyo yaliyowekwa kumfukuza. Wale mbu wadogo weusi wenye miguu ya mistari myeupe, waliokuwa wakijificha chini ya meza mchana na kumuuma Raudha vifundoni anapochora, aliwaona. Akawapiga kanga, akawasahau. Si alisikia siku zote kwamba mbu wa malaria ni wa usiku? Wa mchana anawasha tu. Ikifika jioni anafunga madirisha kwa nguvu zote. Hakujua kwamba anawafungia ndani.

Jumapili moja, baada ya mvua za wiki mbili, Raudha alikataa kula. Zuena alipomgusa shingo mkono ulirudi wenyewe. Mtoto alikuwa anawaka.

"Macho yananiuma kwa nyuma, mama."

"Kwa nyuma wapi?"

"Ndani. Nikiangalia pembeni yanauma."

Picha ya Suhaib ilimjia Zuena nzima nzima, hata rangi ya shuka lile. Alifungua kopo la dawa, panadoli zilikuwa zimeisha. Mfaume alikuwa kwa mteja Tegeta, mji mzima katikati yao. Duka la dawa lilikuwa mtaa wa tatu, na Zuena hakutaka kumwacha mtoto hata kwa dakika moja. Macho yake yakaangukia dirishani, kwenye karatasi ya asprini nyuma ya chupa. Akasaga nusu kidonge, akaikoroga kwenye kijiko cha sukari. Baada ya saa moja homa ikapungua, na Zuena akaibusu ile karatasi kama mtu anayebusu mkono wa mkubwa.

Jumatatu asubuhi na mapema walikuwa zahanati. Mbele yao kwenye foleni kulikuwa na mama mmoja aliyempa mtoto wake dawa bila kipimo, na mhudumu alikuwa akimsema mbele za watu.

"Nyie kina mama mnajifanya madaktari. Halafu mkiharibu mnatuletea sie."

Yule mama alijifunika uso kwa mtandio. Zuena akaona aibu kwa niaba yake, na akajiapiza kwamba yeye hatakuwa wa pili.

Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Zuena alikaribia kuanguka kwa furaha. Mhudumu akauliza bila kuinua kichwa:

"Umempa dawa gani nyumbani?"

"Panadoli tu."

Ulimi uliteleza wenyewe, na neno likishatoka halikurudi. Mhudumu akaandika. Akampa panadoli nyingine, akamwambia ampe mtoto maji kwa wingi, na akiona mabadiliko yoyote arudi haraka. Watu walikuwa wengi, mlango ukafunguliwa kwa mwingine.

Hapa, mama mwenzangu unayesoma, ndipo pa kusimama. Lile neno moja, *tu*, ndilo lililotaka kumtoa mtoto roho. Kama angesema asprini, angeambiwa siku ileile kwamba kuna homa ambayo ukiitia asprini unaifungulia damu milango. Hakusema, hakuambiwa. Na kwa kuwa panadoli aliiona inakwenda polepole, Jumatatu jioni akaongeza nusu ya asprini, na Jumanne nusu nyingine.

Jumatano homa ilishuka. Zuena alimgusa Raudha asubuhi akakuta shingo imepoa, akasujudu palepale chini. Akampigia Mfaume aliyekuwa karakana.

"Imeondoka. Baba Raudha, imeondoka."

"Nilikwambia mie. Mtoto wa kike ana roho ngumu kama mama yake. Mchemshie supu."

Akaweka sufuria jikoni. Lakini alipomletea supu, mtoto hakuinuka. Alikuwa amepoa kupita kiasi. Vidole vilikuwa vya baridi, mdomo umepauka, na tumbo likiguswa tu analia. Alikuwa analala, anaamka kidogo, analala tena, usingizi usiofanana na usingizi wa mgonjwa anayepona. Zuena aliukumbuka usingizi huo. Aliwahi kuuona mara moja katika maisha yake.

"Raudha. Amka upige mswaki, mdomo uchangamke."

Alimpigisha mwenyewe, amemwegemeza kifuani. Alipotoa mswaki, povu lilikuwa jekundu.

Akadhani ameukwaruza ufizi. Akamsukutulia maji, yakatoka mekundu. Akamfungua mdomo, akaona damu inachuruzika taratibu kati ya meno, haijatoka kwenye jeraha lolote. Kwenye miguu, kuanzia magotini kushuka, palikuwa na vidoa vidogo kama mtu amemtoboa kwa sindano.

Zuena hakulia. Alimfunga mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga, miguu inaning'inia, akatoka na ndala mguu mmoja. Felicitas alikuwa kibarazani anachambua mchele.

"Mama Raudha, kulikoni?"

"Damu," ndilo neno pekee aliloweza. Felicitas akaacha ungo, akakimbilia barabarani kusimamisha bajaji.

Hospitalini walipokewa na nesi mmoja mrefu, mpole wa sauti, jina lake kifuani Tusajigwe. Alimtazama Raudha mara moja tu, na Zuena akaona uso wa nesi umebadilika. Kitanda kikatafutwa, dripu ikatundikwa, damu ikachukuliwa. Halafu yule nesi akaja akachuchumaa mbele ya Zuena, macho kwa macho.

"Mama, tunadhani ni dengi, ile kidingapopo. Homa yake ikishuka ndipo inapokuwa hatari, watu wanadhani mgonjwa amepona. Sasa nisikilize. Tangu Jumapili, amemeza dawa gani?"

"Panadoli," Zuena akasema.

Nesi akangoja. Nyuma yake Raudha alikohoa, mate yenye damu yakaloanisha mto.

"Panadoli tu?"

Lile neno likarudi kumtazama. Zuena aliona waziwazi kwamba akilisema mara ya pili atakuwa amemchimbia mtoto kaburi, kwa mkono wake mwenyewe.

"Nimempa na asprini. Nusu, mara tatu. Ya mwisho jana jioni. Zahanati niliwaficha. Niliogopa kusemwa."

Alifumba macho akisubiri kusemwa. Nesi Tusajigwe alikuwa ameshasimama, anamwita daktari, anataja asprini, anataja jana jioni, anaomba damu iandaliwe. Aliporudi alisema kwa upole:

"Umesema. Bora leo kuliko kesho. Asprini inazuia damu isigande, na huyu chembe zake za kugandisha zilikuwa zimeshaanza kwisha. Sasa tunajua tunapigana na nini."

"Atapona?"

"Tunapigana, mama."

Mfaume alifika mchana, vumbi la sponji kwenye nywele. Zuena alimweleza yote bila kupunguza. Mfaume akaenda kusimama dirishani, amewapa mgongo. Kisha akarudi, akakaa upande wa pili wa kitanda, akashika mguu wa mtoto juu ya shuka. Hakumtania mkewe siku ile, na hilo lilimuuma Zuena kuliko tusi.

Siku mbili ziliwapita hivyo. Wanahesabu matone ya dripu, wanatazama fizi, wanatazama pua. Kila nesi akija kupima presha, Zuena anaacha kupumua mpaka mashine imalize. Ijumaa asubuhi fizi zilikauka. Raudha alikojoa, nesi akafurahi kana kwamba ameletewa zawadi. Saa tano alifumbua macho akasema anataka ubuyu. Mfaume akacheka na kulia kwa pamoja, akajifuta kwa mkono wa shati.

"Ameshavuka?" Zuena akauliza.

"Anavuka," akasema nesi Tusajigwe. "Nyumbani kwenu mna maji yaliyotuama?"

"Mie? Hapana nesi. Mapipa yangu yana vifuniko na tofali juu."

"Huyu mbu hahitaji pipa zima. Wala hataki mtaro, anapenda maji safi. Kifuu, tairi, kopo la maua. Anauma mchana. Mayai anayabandika ukutani mwa chombo, ukimwaga maji tu yanabaki yanakungoja, mpaka usugue."

Zuena akashika mdomo. Kwenye vidole vyake, baada ya siku zote zile za hospitali, alidhani bado anasikia harufu ya nanaa. Akaviona vile vidudu vyembamba, vinajikunja na kujikunjua kati ya mizizi. Akaisikia sauti ya mtoto: *vinacheza*.

Halafu akahesabu. Chupa tisa. Madirisha tisa, vitanda vya watoto tisa. Na kwa Felicitas, zaidi ya chupa, maneno yale ya asprini.

Akampigia Felicitas. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena.

"Baba Raudha, kaa na mtoto. Nakwenda nyumbani mara moja."

"Sasa hivi? Kufanya nini?"

"Nimegawa mauti mtaani."

Alianza na dirisha lake kwa kuwa lilikuwa njiani. Chupa zote sita akazimimina uani kwenye mchanga wa moto. Viluwiluwi vilirukaruka juu ya mchanga, kisha vikatulia. Akazisugua chupa kwa jivu ndani mpaka kucha zikauma, akazitoboa kwa kisu zisishike maji tena. Nanaa yenyewe akaichomeka kwenye udongo mkavu kando ya ukuta, si kwa kuipenda. Haikuwa na kosa.

Akatoka. Mlango wa kwanza palikuwa kimya, hakuna mtu. Akainua tu mkono dirishani, akaipindua chupa nje. Akapita kwa Felicitas.

Mlango ulikuwa wazi. Felicitas alikuwa amekaa kwenye mkeka, simu inachajiwa mbali naye juu ya kabati. Revelian, miaka minne, amelala kichwa kwenye paja lake, macho mekundu, mashavu yanawaka. Dirishani, mwanga wa mchana unapita ndani ya chupa, nanaa imestawi kuliko hata ya Zuena, na ndani ya maji kuna vitu vinacheza.

"Karibu, Mama Raudha. Mtoto anaendeleaje? Nilitaka nije leo, na huyu naye ameanza kuchemka tangu jana. Lakini usijali. Nimefanya kama ulivyonifundisha."

Pembeni yake palikuwa na kijiko, kimebaki sukari yenye unga mweupe.

Zuena akakitazama kile kijiko. Angeweza kusema *umefanya vizuri*, akaondoka, na asijue mtu kwamba madhara yalitoka kwake. Wazo hilo lilipita, na akaliona linavyopita, akaogopa kuliko alivyoogopa chochote wiki ile.

"Mama Reve, asprini umempa saa ngapi?"

"Saa sita hivi, na robo. Nusu tu. Mbona unanitazama hivyo?"

"Mfunge mgongoni. Usimpe tena. Ni homa ileile ya Raudha, na asprini ndiyo iliyomtoa damu. Mie ndiye nilimpa. Twende, nitakueleza njiani."

Felicitas akachukua kanga. Zuena akaichukua ile chupa dirishani, akaimwaga kizingitini walipokuwa wakitoka, akaikanyaga mpaka ikapasuka. Kwa mwenye duka la kona akaacha ujumbe, haraka, bila kusimama: ambao walichukua nanaa kwangu wamwage maji, wasugue chupa, mwenye mtoto wa homa asimpe asprini, aende hospitali leo. Waambie ni mie nimesema.

Kwenye bajaji Felicitas alimkumbatia Revelian, Zuena akaishika miguu yake. Ilikuwa ya moto. Afadhali ya moto, alijiambia. Bado haijapoa.

Nesi Tusajigwe alikuwa mapokezi. Alifungua daftari, akashika kalamu, akamtazama Felicitas.

"Mtoto ana nini?"

Zuena akatangulia, kabla swali la pili halijafika.

"Homa tangu jana. Na amepewa asprini, nusu kidonge, leo saa sita na robo. Mama yake hana kosa. Mie ndiye nilimfundisha."

Felicitas akageuka kumtazama. Zuena hakuinamisha uso, ila macho yake hayakwenda kwa Felicitas wala kwa nesi. Yalikuwa kwenye mdomo wa yule mtoto uliofunguka kidogo kwa kuhema, yanatafuta damu kati ya meno.